Ulaji wa Mafuta: Historia Fupi ya Neno na Kipimo Chake

Katika makala haya tunakusudia kueleza jinsi magari ya zamani ya umbo kubwa yalivyorekebishwa ili yatumie mafuta machache zaidi, na kuzipima istilahi zilizotumika katika kazi hiyo. Mfano wetu ni Marekani ya miaka ya 1970, maana huko ndiko tatizo lilikojitokeza kwa ukubwa wake wote. Tutaonyesha kwamba kipimo kilichotumiwa na Wamarekani kiliwaficha watu faida halisi ya kazi ile, na kwamba neno alilo nalo dereva wa Kiswahili siku zote linaieleza faida hiyo vizuri zaidi.

Chimbuko la tatizo

Hadi mwanzoni mwa miaka ya 1970, gari la kawaida la familia nchini Marekani lilikuwa na urefu wa zaidi ya meta 5, uzito wa karibu tani 2, na injini ya silinda 8. Injini ya Cadillac Eldorado kuanzia 1970 ilikuwa ya lita 8.2. Petroli ilikuwa rahisi, na watu wachache tu waliona haja ya kuuliza gari linakula kiasi gani.

Mwezi wa Oktoba 1973, wakati wa vita vya Mashariki ya Kati, nchi za Kiarabu zitoazo mafuta zilikata kuiuzia Marekani. Bei ya pipa moja, iliyokuwa karibu dola 3, ilifika karibu dola 12 mwanzoni mwa 1974. Januari 1974 serikali ya nchi hiyo ilipitisha sheria ya kuweka mwendo wa juu kuwa maili 55 kwa saa, yaani karibu kilometa 88. Desemba 1975 ikafuata sheria iliyowataka watengenezaji wafikie wastani wa maili 18 kwa galoni katika magari ya 1978, na maili 27.5 katika magari ya 1985. Magari makubwa ya General Motors ya mwaka 1977 yalipunguzwa urefu, na uzito wake ukashuka kwa kilo mia kadhaa.

Lakini viwango hivyo vililenga magari mapya. Mwenye gari kuukuu alibaki nalo: akitaka kuliuza hapati bei, na jipya hana fedha za kulinunua. Huyo ndiye aliyelipeleka gari lake gereji.

Kazi ya mafundi

Fundi mwangalifu alianza na yale yasiyo na gharama kubwa: kusafisha kabureta na kuipima upya, kubadili plagi, kuweka sawa wakati wa kuwaka kwa cheche, kujaza upepo wa kutosha katika tairi na kuhakikisha kwamba breki hazikamati magurudumu. Kazi hizi ziliirudishia injini hali yake ya asili tu, hazikuibadili.

Hatua ya pili ilikuwa mageuzi yenyewe. Kwanza, tairi za zamani, ambazo nyuzi zake hupishana kimshazari, ziliondolewa, zikawekwa tairi za rediali, ambazo nyuzi zake hukata moja kwa moja kutoka ukingo hadi ukingo. Tairi hizi hazipotezi nguvu nyingi zinapobingirika. Pili, meno ya difu yalibadilishwa. Gari ambalo injini yake ilizunguka mara 3.42 kwa kila mzunguko mmoja wa gurudumu, likiwekewa difu ya 2.73, injini hupunguza mizunguko yake kwa karibu moja ya tano katika mwendo ule ule. Injini kubwa inayozunguka polepole, mlango wa hewa wa kabureta ukiwa umefunguka zaidi, haipotezi nguvu nyingi katika kuvuta hewa. Hasara yake ni kwamba gari huwa zito kuondoka na kupanda mlima. Tatu, baada ya 1980 zilipatikana giaboksi za otomatiki zenye gia ya nne ya mwendo mrefu, na mafundi wakazihamishia katika magari ya zamani ili kuipata faida ya difu bila ya hasara yake.

Pamoja na hayo walijitokeza wauzaji wa vifaa vya miujiza: sumaku za kufungwa kwenye bomba la mafuta, vipande vya kuzungusha hewa, na dawa za kutia katika tangi. Shirika la serikali ya Marekani linalosimamia mazingira lilipima zaidi ya vifaa 100 vya namna hiyo, likakuta kwamba karibu vyote havina faida ya maana.

Kipimo na neno

Hapa ndipo suala la istilahi linapoingia. Wamarekani walihesabu maili ambazo gari huenda kwa galoni moja. Tuchukue mfano. Gari kubwa la zamani linakwenda maili 10 kwa galoni, na fundi analifikisha maili 12. Jirani yake anauza gari dogo la maili 30 na kununua la maili 45. Masikioni mwa watu, wa kwanza ameongeza maili 2 na wa pili maili 15. Kwa hiyo wa kwanza ataonekana amepoteza fedha zake bure.

Sasa tuhesabu mafuta yenyewe. Katika safari za maili 9,000, gari kubwa lilikuwa linakula galoni 900. Sasa linakula 750. Limeokoa galoni 150. Gari dogo lilikula galoni 300. Sasa linakula 200. Limeokoa galoni 100. Aliyedharauliwa ndiye aliyeokoa zaidi. Kosa hili la kufikiri lilielezwa kwa majaribio na wataalamu wawili wa Marekani, Larrick na Soll, mwaka 2008, na tangu magari ya 2013 kibandiko cha gari jipya huko huonyesha pia galoni zinazotumika kwa kila maili 100.

Dereva wa Kiswahili hakungojea mwaka huo. Yeye husema, "Gari hili linakula sana mafuta." Neno lake linahesabu mafuta yanayokwisha, nalo linaafikiana barabara na kipimo cha lita kwa kilometa 100. Kwa kipimo hicho gari kubwa la mfano wetu limeshuka kutoka lita 23.5 hadi 19.6, na dogo kutoka 7.8 hadi 5.2. Faida inasomeka papo hapo.

Mapendekezo

Tunaona inafaa kutenga maana za maneno manne. "Ulaji wa mafuta" liwe kiasi cha mafuta kinachokwisha katika umbali maalumu. "Mwendo kwa lita" liwe kilometa zinazopatikana kwa lita moja, kama zinavyoandikwa katika karatasi za magari yatokayo Japani. "Kubana mafuta" kuwe kitendo cha dereva: kuondoka taratibu, kutokimbiza, kupunguza mizigo. "Ufanisi wa injini" uwe sehemu ya joto la mafuta inayogeuka kuwa kazi. Maana injini yaweza kuwa na ufanisi mwema na gari likawa na ulaji mkubwa kwa sababu ya uzito wake. Neno "galoni" lisitumike pasipo kutaja ni ya Uingereza, yenye karibu lita 4.55, au ya Marekani, yenye karibu lita 3.79.

Huenda wengine wakapinga kwamba "ulaji" limechafuka, kwa kuwa mitaani lina maana ya kujinufaisha kwa cheo, nao watapendelea "matumizi". Tunawajibu kwamba "matumizi ya mafuta" yaweza kuwa ya taa, ya jiko au ya mashine. Halisemi kiasi wala umbali. Tena neno "kula" halikubuniwa katika kamati, bali limo vinywani mwa madereva na mafundi, na wanunuzi wa magari yaliyokwisha tumika hulihitaji kila siku. Tunawaomba walimu wa ufundi walijaribu darasani, na watuletee maoni yao.