KOMPYUTA NA MAFUNZO YA KAZI: FUNDISHO LA MIAKA 1965–2004

Kila chombo kipya cha kazi kinapoingia katika nchi huleta swali la kisiasa: nani ana ujuzi wa kukitumia, na kwa faida ya nani? Katika makala haya tunalichunguza swali hilo kwa kuangalia jinsi kompyuta ilivyoingia Tanzania.

Kompyuta ya kwanza ilifungwa Wizara ya Fedha mwaka 1965. Ilipewa kazi ya hesabu za Serikali. Lakini waliotegemewa kuiendesha walikuwa hasa wataalamu wa kigeni, na wananchi waliofundishwa walikuwa wachache mno. Mtaalamu alipomaliza mkataba aliondoka na ujuzi wake kichwani. Kazi ikaharibika, na hesabu zikarudishwa kwenye mashine za zamani.

Mwaka 1974 Serikali ilipiga marufuku kuingiza kompyuta na vifaa vyake bila kibali. Wapo wanaosema kwamba nchi iliogopa maendeleo. Usemi huo hauzingatii hali halisi. Mwaka ule bei ya mafuta ilikuwa imepanda, ukame ulikuwa umepunguza mavuno, na fedha za kigeni zilihitajika kununua chakula. Zaidi ya hayo, mwaka huo huo Azimio la Musoma lilisisitiza kuunganisha elimu na kazi, na sheria ya mafunzo ya ufundi ilipitishwa. Hivyo nchi haikukataa ujuzi. Ilikataa mashine isiyokuwa na wenyewe.

Tulinganishe na reli ya TAZARA, ambayo stesheni yake kuu ya Dar es Salaam iko Temeke. Mwaka 1972, wakati reli ikiendelea kujengwa, vijana wapatao 200 wa Tanzania na Zambia walipelekwa Beijing kusomea kazi za reli. Hapo mtu aliandaliwa pamoja na chombo. Katika kompyuta, chombo kilitangulia na mtu akasahauliwa.

Hata hivyo, uchambuzi wa kimapinduzi hauishii kwenye kusifu. Marufuku ile ilikuwa na upungufu wake. Kuzuia mashine mbovu ni jambo moja. Kuandaa watu kwa ajili ya mashine itakayokuja ni jambo jingine. Hakuna ajifunzaye kuogelea mchangani. Ujuzi wa kompyuta ukabaki kwa wachache, hasa pale Mlimani, Chuo Kikuu. Kijana wa Temeke aliyejifunza kuchomelea vyuma au ufundi wa umeme hakuwa na nafasi ya kuigusa.

Matokeo yake yalionekana marufuku ilipolegezwa katika miaka ya 1980. Soko lilifika kabla ya mpango. Katika miaka ya 1990 vyumba vya kozi za kompyuta vilifunguliwa Kinondoni, Magomeni na Temeke. Mwenye ada alisoma. Asiye na ada alibaki dirishani. Wengi walifundishwa kubonyeza tu, bila kuelewa mashine inavyofanya kazi. Na yote hayo kwa Kiingereza, lugha ambayo mtoto wa mkulima na mfanyakazi alianza kufundishiwa sekondari. Ni mwaka 2004 tu ndipo wataalamu wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam walipotoa Jambo OpenOffice, programu za ofisi kwa Kiswahili. Kazi hiyo ilithibitisha kwamba lugha yetu haikuwa kikwazo. Kikwazo kilikuwa uamuzi.

Tunajifunza nini? Kwanza, chombo bila mafunzo ni utegemezi. Pili, marufuku bila mafunzo ni kuahirisha utegemezi huo huo. Tatu, mafunzo yakiachiwa soko peke yake huzaa tabaka la wajuao na tabaka la watumwao.

Leo mashine mpya zinaingia tena, na tena zinatoka nje. Kada asiulize tu zimenunuliwa ngapi. Aulize ni vijana wangapi wa Mbagala na Tandale wanaoweza kuzifungua, kuzitengeneza na kuziamuru. Jibu la swali hilo ndilo litakaloonyesha kama tumejifunza.