Nani Anaandika Historia ya Fizi?

Leo nawaletea kazi ya watu wasiolipwa hata shilingi: wanaoandika Wikipedia, ile kamusi elezo ya intaneti. Ya Kiswahili ilianza mwaka 2003. Ukiwa na simu yenye intaneti unabonyeza neno "hariri", unaandika historia ya nchi yako.

Tuchukue mfano wa kwetu, Fizi. Aprili 1965 Che Guevara, yule mwanamapinduzi wa Kuba, alivuka Ziwa Tanganyika kutoka Kigoma akashuka Kibamba. Alikuja kuwasaidia Wasimba waliopigana na serikali ya Léopoldville, mji tunaouita leo Kinshasa. Yeye na wenzake wawili walijipa majina ya Kiswahili: Moja, Mbili na Tatu. Ukisikia hivyo utadhani Moja ndiye mkubwa. Hapana, Che alikuwa Tatu! Aliondoka Novemba mwaka huohuo, mamluki wa kizungu wakiwa wamekwisha kuingia Baraka na Fizi. Siku chache baadaye, tarehe 24, Mobutu akatwaa madaraka.

Sasa, mtu anayejitolea kuandika habari hizo anazitoa wapi? Sheria ya Wikipedia inataka kila jambo lionyeshe chanzo kilichochapishwa. Na chanzo kikubwa ni kumbukumbu alizoandika Che mwenyewe akiwa amejificha katika ubalozi wa Kuba, Dar es Salaam. Humo anawalaumu viongozi wetu, Laurent Kabila akiwemo, kwa kukaa mbali na vita. Sawa, lakini hayo ni macho ya mgeni aliyekaa miezi saba. Mama aliyekimbilia msituni na watoto, mvuvi aliyeacha nyavu zake akavuka ziwa, hao hawana kitabu.

Hapo sheria inatuumiza, nasema wazi. Hata hivyo nisingependa ifutwe. Wewe na mimi tunajua uvumi unavyotembea kambini. Bila chanzo, kila upande ungeandika nani mwenyeji na nani mvamizi kama upendavyo. Angalau kule kila badiliko linahifadhiwa na tarehe yake, na ukifuta la mwenzako, anaweza kulirudisha na kukuuliza sababu.

Njia ipo, ingawa ni ndefu: maneno ya mzee yachapishwe kwanza, kwenye kitabu au gazeti, ndipo mhariri ayataje.

Kwa hiyo, kama nyumbani kwenu yupo mzee aliyekuwa Fizi, Baraka au Uvira mwaka 1965, muulize wiki hii. Akikubali, andika jina lake, kijiji, na nani alikuwa chifu, maana wazee wengi husahau mwaka lakini chifu hawamsahau. Akisema Albertville, acha hivyohivyo, kisha pembeni andika Kalemie. Madaftari yaleteni hapa studio kabla ya Jumamosi.