Akina Mohamed wa Ujiji

Jina langu ni Mohamed, nami ni mwenyeji wa Rusimbi. Ukiliita jina hilo kwa sauti hapa mtaani kwetu, watageuka watu wengi. Darasani tulikuwa watatu. Mmoja tulimwita Mohamed Dagaa kwa kuwa babake alikuwa mvuvi, wa pili Mohamed Mrefu, na mimi nilitambulishwa kwa jina la baba. Mwaka wa mtihani, karani mmoja aliandika majina yetu nusu nusu, na alama za Dagaa zikaenda kwa mwingine. Akaambiwa ameshindwa, akaingia ziwani na babake. Kosa lilipogunduliwa, muda ulikuwa umepita.

Naikumbuka habari hiyo kila nisomapo historia ya Ujiji, kwani karne ya 19 nayo ilikuwa na akina Mohamed wake, na msomaji mwenye haraka huwafanya mtu mmoja.

Yuko Mohamed bin Salih, aliyezuiliwa miaka mingi kwa Kazembe, katika nchi ambayo leo ni Zambia. Livingstone alimwombea, akaachiwa mwaka 1867. Stanley alipofika Ujiji mwaka 1871, mzee huyo alikuwa miongoni mwa wakubwa wa mji. Livingstone aliandika jina lake Saleh, Stanley akaandika Sali.

Yuko Mohamed bin Gharib. Mwanzoni mwa 1869 Livingstone alishikwa na ugonjwa wa mapafu, hata hakuweza kutembea. Bin Gharib aliamuru abebwe kwa machela mpaka ziwani, na tarehe 14 Machi akafika Ujiji akiwa hai. Hata hivyo tusimfanye malaika: naye alikuwa mfanyabiashara wa pembe na watumwa.

Kisha yuko Mohamed bin Khalfan, aliyeshika nguvu Ujiji katika miaka ya 1880. Huyu alijulikana kwa jina la Rumaliza, yaani mwenye kumaliza, na vijiji vya pande zote za ziwa vilijua sababu. Mwaka 1894 majeshi ya Dola Huru ya Kongo yalimshinda, na utawala wake ukavunjika. Hata mshirika wake Tippu Tip jina lake lilikuwa Hamed bin Muhammed.

Ndugu msomaji, aliyeokolewa, aliyeokoa na aliyemaliza si mtu mmoja. Tukisema tu "Mohamed Mwarabu wa Ujiji", tunampa mmoja dhambi za mwenzake, na mwingine tunamvika wema asioutenda. Wazee wetu waliijua hatari hiyo, ndiyo maana wakaweka "bin" na lakabu. Jina ni la wengi, bali matendo yana mwenyewe.

Pale Ujiji kuna kumbukumbu ya Livingstone na Stanley, na wageni huja kuizuru. Majina yao hayahitaji "bin" ili watambulikane. Aliyetoa machela ni wachache wamjuao.

Mwenzangu Dagaa sasa ana mjukuu, naye ni Mohamed. Siku ya kumwandikisha shule, babu alifuatana naye. Alisimama mbele ya meza, hakuondoka mpaka alipoyaona majina yote matatu ya mtoto yameandikwa kwa wino.