Hazina ya Mjerumani na Shamba la Jirani

Katika vijiji vingi vilivyo kando ya Reli ya Kati kuna shimo ambalo hakuna anayependa kulizungumzia. Si kisima, wala si choo, wala si machimbo ya mchanga. Lilichimbwa usiku, kwa mwanga wa chemli, na watu waliokuwa na hakika kwamba Mjerumani alipokimbia vita aliacha chini yake sanduku la dhahabu. Ukiuliza utaambiwa tu, "Hilo ni la zamani." Kijijini kwetu shimo hilo lilichimbwa na baba yangu mkubwa, ambaye alikuwa mzee wa kanisa. Ninalisimulia kwa ruhusa ya wanawe, kwa kuwa naamini wengi wetu usharikani tuna shimo la namna hiyo katika ukoo.

Habari ilianza na jiwe. Kwenye mpaka wa shamba la baba mkubwa na shamba la jirani palikuwa na jiwe lililosimikwa, na juu yake pamechongwa msalaba mdogo. Akaja mtu kutoka mbali, aliyejiita mtaalamu wa mali za kale. Akalizunguka lile jiwe, akalipapasa, akasema kwamba msalaba ule haukuwa alama ya dini bali ufunguo. Mkono wake mmoja ulielekea mwembe mkubwa wa jirani. Basi zihesabiwe hatua arobaini kuuelekea mwembe, kisha zikatwe hatua kumi kushoto, na hapo ndipo mali ilipo. Akataka zebaki, ubani, kondoo mweusi, na fedha za kuanzia kazi. Baba mkubwa akauza ng'ombe wawili. Hatua zilipohesabiwa ziliishia ndani ya shamba la jirani, kwa hiyo wakachimba usiku.

Kabla sijaeleza yaliyofuata, tujiulize swali ambalo baba mkubwa hakujiuliza: huyo Mjerumani alikuwa na dhahabu gani ya kufukia?

Reli kutoka Dar es Salaam ilifika Tabora mwaka 1912, na Kigoma mapema mwaka 1914. Mwezi Agosti mwaka huohuo vita vikaanza. Manowari za Waingereza zikaifunga pwani, na sarafu mpya hazikuweza kuja tena kutoka Ujerumani. Watu nao, kama ilivyo desturi ya binadamu wakati wa hofu, wakazificha rupia za fedha walizokuwa nazo. Serikali ya kikoloni ikaishiwa sarafu. Ikaanza kuchapa noti za muda hapahapa nchini, na kufikia mwaka 1917, jeshi lilipokuwa likihamahama porini, noti nyingine ziligongwa kwa mihuri ya mpira.

Huko Tabora, karakana ya reli iligeuzwa kuwa kiwanda cha kupiga sarafu. Zilipigwa heller 5 na heller 20. Na sarafu hiyo ya heller ndiyo iliyotuachia neno "hela" tunalolitumia hadi leo. Mwaka 1916 ikachukuliwa dhahabu ya mgodi wa Sekenke, huko Iramba, zikapigwa sarafu za rupia 15 zenye picha ya tembo mbele ya mlima. Hizi ndizo zilizozaa hadithi nyingi. Zilikuwa 16,198, na kila moja ilikuwa na uzito wa gramu 7 na kidogo, robo tatu yake ikiwa dhahabu. Ukizikusanya zote kwenye mzani hazivuki kilo 117. Ni gunia moja la mahindi na debe moja juu yake, kwa koloni zima. Nazo hazikupigwa ili zifukiwe, bali zitumike, kwa sababu sarafu nyingine hazikuwapo. Tarehe 19 Septemba 1916 majeshi ya Wabelgiji yakaingia Tabora, na kazi hiyo ikawa imekwisha.

Ndugu yangu, serikali inayogonga noti kwa muhuri wa mpira si serikali yenye masanduku ya dhahabu ya kuacha chini ya kila mwembe kutoka Dodoma hadi Ujiji.

Na zile alama je? Jiwe lenye msalaba au namba, mara nyingi, ni alama ya mpima ardhi. Aliliweka ili mwenzake atakayekuja baada yake ajue pa kuanzia kupima. Miembe mikubwa iliyosimama kwa safu katika nchi ya Unyamwezi ni kumbukumbu ya misafara ya biashara iliyopita huko kabla Mjerumani hajafika. Watu walipumzika kivulini, wakala maembe. Kaburi la kizungu kando ya boma ni kaburi, na ndani yake mna mtu. Alama hizi zilikuwa zikisema kweli. Sisi ndio tuliozilazimisha kusema tulichotaka kusikia. Kwa sababu hiyo mawe ya mipaka yameng'olewa, ndugu wakabaki wakigombania hatua mbili za ardhi, na makaburi yakafunuliwa mchana wa Mungu. Torati inamlaani mtu anayeondoa alama ya mpaka wa jirani yake, na Mithali inarudia onyo hilo. Je, tulidhani maneno hayo yaliandikwa kwa ajili ya Wayahudi wa kale peke yao? Sheria ya Mambo ya Kale ya nchi yetu, ya mwaka 1964, nayo inakataza kufukua vitu vya kale pasipo kibali.

Kuna jambo jingine ambalo historia inatuonyesha, nalo linapindua hadithi yote. Tunasema Mjerumani alifukia. Ukweli ni kwamba alifukua. Kati ya mwaka 1909 na 1913, katika kilima cha Tendaguru, mkoani Lindi, wataalamu kutoka Berlin walichimba mifupa ya wanyama wakubwa wa kale waitwao dinosaria. Mifupa na mawe yaliyoishikilia vilifikia tani 250 hivi, navyo vilibebwa na wapagazi kwa miguu hadi bandari ya Lindi. Mmoja wa wanyama hao amesimama hadi leo katika jumba la makumbusho la Berlin, na urefu wake kwenda juu unapita mita 13. Hazina kubwa iliyokuwa chini ya ardhi yetu haikufichwa usiku. Ilitoka mchana, kichwani mwa watu wetu, huku wakilipwa ujira mdogo.

Msimamizi mkuu wa wachimbaji wale alikuwa Boheti bin Amrani. Yeye alijua kusoma ardhi kwelikweli: wapi udongo umebadilika, wapi jiwe ni jiwe na wapi ni mfupa, na namna ya kuutoa mfupa usivunjike. Mwaka 2007 wanasayansi walimpa dinosaria mmoja wa Tendaguru jina la Australodocus bohetii kwa heshima yake. Nawaomba wazazi na walimu wa shule ya Jumapili wawasimulie watoto habari za mtu huyu. Kuisoma alama iliyo ardhini ni kazi ya subira na unyenyekevu. Mchimbaji wa namna yake huuliza, "Hiki ni nini?" Baba mkubwa na mtaalamu wake waliuliza, "Hiki kitanipa nini?"

Tukitaka kujua vita vile viliacha nini chini ya udongo wetu, jibu lipo, ingawa ni zito. Viliacha watu. Majeshi ya pande zote yalitembea kwa migongo ya wapagazi, na makumi ya maelfu yao walikufa kwa njaa, kuhara, homa na uchovu, wengi pasipo kaburi lenye jina. Jina Kariakoo, tunalolitamka kila siku tunapokwenda sokoni Dar es Salaam, limetokana na jeshi la wapagazi wa Waingereza. Upande wa Wajerumani, vita viliisha Novemba 1918, jenerali wao alipojisalimisha huko Abercorn, ambayo leo inaitwa Mbala, nchini Zambia. Askari wake Waafrika walikuwa wakidai mishahara yao. Ilikuwa hadi miaka ya 1960 ndipo serikali ya Ujerumani Magharibi ilipotoa fedha za kuwalipa wazee waliokuwa bado hai. Basi kama Mjerumani aliacha kitu huku, hakikuwa sanduku la dhahabu, bali deni.

Nasi Wakristo tunapenda kuukumbuka mfano wa Bwana wetu katika Mathayo 13, wa mtu aliyekuta hazina iliyofichwa shambani. Nimewahi kumsikia mtu akiutumia mfano huo kuhalalisha uchimbaji. Akasema, "Hata Yesu alijua kuna mali chini." Ni kweli alijua. Katika nchi yake, isiyokuwa na benki kama zetu, watu walifukia fedha vita vilipokaribia. Yosefo, mwanahistoria Myahudi, anaeleza jinsi Warumi walivyofukua mali nyingi kutoka magofu ya Yerusalemu baada ya mji kuanguka mwaka 70. Na mwaka 1952, katika pango karibu na Bahari ya Chumvi, wataalamu walipata gombo la shaba lililoorodhesha zaidi ya mahali 60 palipofichwa dhahabu na fedha. John Allegro, mtaalamu Mwingereza, alikwenda na watu wake kuchimba kwa kulifuata gombo hilo. Hawakupata hazina hata moja. Ikiwa orodha iliyoandikwa haikumfikisha mtu kwenye mali, msalaba uliochongwa juu ya jiwe utamfikishaje?

Lakini tuutazame mfano wenyewe kwa makini. Yule mtu alipoiona hazina hakuichukua usiku akakimbia. Alikwenda akauza vyote alivyokuwa navyo, kisha akalinunua shamba. Alilipa bei, na akalipokea shamba lote pamoja na mawe yake, magugu yake na mipaka yake. Mchimbaji wa usiku anataka hazina bila shamba. Ufalme wa Mungu haupatikani hivyo. Ukiupokea, unampokea pia jirani, na wajibu wa kesho asubuhi, na makaburi ya waliokutangulia. Biblia ina habari ya mtu mwingine aliyehusika na dhahabu na udongo, naye ni Akani, katika kitabu cha Yoshua. Alificha vitu vilivyokatazwa chini ya hema lake akidhani ni siri yake peke yake, na wengine wakafa vitani kwa sababu hiyo. Siri iliyofukiwa haikai mahali pake. Hutafuta mtu wa kumwangukia.

Sasa nirudi kijijini. Walichimba majuma matatu, wakafika kina cha watu wawili. Mtaalamu akasema mali imesogea kwa sababu mmoja wao ana mashaka moyoni, akataka fedha nyingine, akapewa, asionekane tena. Shimo likaachwa wazi. Waliona aibu kulifukia mchana, na usiku hawakuwa na nguvu tena. Mvua za Desemba zikaja, likajaa maji. Mjukuu wa jirani, mtoto wa miaka mitano, alikuwa akiokota maembe.

Kijiji kizima kilishangaa ni nani aliyechimba. Hakuna aliyewaona. Baba mkubwa angeweza kunyamaza, na pengine hadi leo tusingejua. Usiku ule hakulala. Alfajiri, kabla ya maziko, alikwenda peke yake hadi kwa jirani, akapiga magoti mbele ya watu waliokesha pale, akasema, "Ndugu yangu, lile shimo ni langu."

Mzee yule alikaa kimya muda mrefu, vijana wakaanza kusimama kwa hasira. Akainua mkono kuwazuia. Akasema, "Tuzike kwanza."

Wakazika. Baada ya siku arobaini, wazee wa pande zote mbili waliketi. Baba mkubwa akatoa ng'ombe waliobaki, akajiuzulu uzee wa kanisa mwenyewe bila kuambiwa, na kwa miaka mingi aliketi benchi la nyuma. Siku moja watu waliwaona, yeye na jirani yake, wakiwa na majembe, wakilifukia lile shimo pamoja. Hawakuwa wakizungumza. Walipomaliza walilisimika upya jiwe la mpaka, lililokuwa limeng'olewa, mahali ambapo wote wawili walikubaliana.

Jiwe lile lipo hadi leo. Wajukuu wa nyumba hizo mbili huketi juu yake wakisubiri ng'ombe warudi. Mwaka jana kijana mmoja wa kijijini aliniuliza kwa sauti ya chini kama ni kweli kuna mali ya Mjerumani pale. Nilimwambia habari hii yote kama nilivyoiandika hapa. Kisha nikamwambia kwamba chini ya shamba lile kulikuwa na kitu kimoja tu, nacho ni mtego tuliouchimba wenyewe.

Msomaji wangu, kama katika ukoo wako kuna shimo lililoachwa wazi, iwe ni la udongo, la deni au la neno lililosemwa gizani, usingoje mvua. Nenda mchana, mwite jirani yako kwa jina lake, na mchukue majembe mawili.