Kujipima na kulala huimarisha kumbukumbu

Mwanafunzi anayerudia kusoma daftari hudhani ameelewa, kumbe amelizoea tu. Mwaka 2006, Henry Roediger na Jeffrey Karpicke wa Chuo Kikuu cha Washington mjini St. Louis, Marekani, waliwapa wanafunzi makala mbili fupi: moja waisome mara mbili, nyingine waisome mara moja kisha waandike waliyoyakumbuka. Baada ya dakika 5, iliyosomwa mara mbili ilikumbukwa zaidi. Baada ya wiki moja, ile ya kujipima ilikumbukwa kwa asilimia 56, nyingine asilimia 42.

Usingizi nao huimarisha yaliyosomwa mchana. Anayekesha kuamkia mtihani hujinyima msaada huo. Ni heri kufunga daftari, kujiuliza maswali, kusahihisha makosa, kisha kulala, na kurudia zoezi hilo siku chache baadaye.