Walter Rodney, Kutoka Nyaraka za Lisbon Hadi Mlimani

Wengi humkumbuka Walter Rodney kwa kitabu kimoja, How Europe Underdeveloped Africa, kilichochapishwa London na Dar es Salaam mwaka 1972. Ni kitabu chenye hasira, na hasira yake ni ya haki. Kinachosahaulika ni miaka aliyoinamia nyaraka kabla ya kukiandika.

Rodney alizaliwa Georgetown, Guyana, mwaka 1942. Alipohitimu chuo cha Mona, Jamaika, alikwenda London kuchunguza biashara ya watumwa katika pwani ya Guinea-Bissau, Guinea na Sierra Leone za leo. Waandishi wa mwanzo wa habari za huko walikuwa Wareno. Basi akajifunza Kireno, akazama katika hifadhi za Lisbon. Mwaka 1966 alipata shahada ya uzamivu, akiwa na miaka 24 tu. Katika utafiti huo, watawala wa Kiafrika waliouza watu hakuwafichia aibu yao. Ila aliwapinga waliodai kuwa Waafrika walikuwa na utumwa wao tangu kale, akaonyesha jinsi soko la Atlantiki lilivyouchochea.

Mwaka huohuo wa 1966 alianza kufundisha katika chuo kikuu cha Dar es Salaam, kiitwacho Mlimani, kisha akarudi Jamaika mwaka 1968. Huko hakuridhika na ukumbi wa chuo. Aliwafuata Warasta na maskini wa Kingston mitaani, akawasimulia historia ya Afrika. Oktoba mwaka huo serikali ilimzuia kuingia nchini alipotoka mkutanoni Montreal, na Kingston ikawaka ghasia.

Mlimani walimpokea tena mwaka 1969. Hapo, katika miaka ya Azimio la Arusha na siasa yake ya Ujamaa, kitabu chake kilipata sura. Mswada ulisomwa na wenzake wa chuoni hapo, Karim Hirji na Henry Mapolu, na mwanasiasa wa Zanzibar A. M. Babu akakiandikia kitabu neno la mwisho. Ni haki kusema kuwa Dar es Salaam ilishiriki kukizaa.

Mwaka 1974 alirejea kwao kuchukua uprofesa, lakini uteuzi ukafutwa. Akabaki, akaandika, akapigania wafanyakazi. Juni 13, 1980, bomu lilimuua ndani ya gari Georgetown.

Miaka mitatu baadaye kilitoka kitabu alichoandika pamoja na Watanzania Kapepwa Tambila na Laurent Sago, kuhusu manamba, yaani vibarua wahamiaji, waliokata mkonge wakati wa ukoloni.