Namna ya kumtambua mkandarasi halali wa viyoyozi

JOTO linapopanda Dar es Salaam, kuanzia Novemba hadi Machi, mahitaji ya mafundi wa viyoyozi hupanda nalo. Ndicho kipindi ambacho kila mwenye bisibisi na mtungi wa gesi hujiita fundi, na wenye nyumba, maduka na ofisi hulipa kabla ya kuuliza.

Hasara ya kumwamini asiyefaa haiishii kwenye chumba kisichopoa. Waya mwembamba uliofungwa kwenye mashine kubwa hupata moto hadi ukaunguza nyumba, na mashine isiyo na ethi huweza kumuua anayeigusa.

Nyaraka zinazochanganywa

Wateja wengi huonyeshwa karatasi yenye muhuri wakaridhika. Hata hivyo, kila karatasi ina kazi yake, na moja haiwezi kuchukua nafasi ya nyingine.

Cheti cha Wakala wa Usajili wa Biashara na Leseni (BRELA) huthibitisha kuwa kampuni au jina la biashara limeandikishwa. Leseni ya biashara humruhusu mhusika kufanya biashara. Namba ya mlipa kodi humtambulisha kwa Mamlaka ya Mapato. Hakuna hata moja kati ya hizo inayosema kwamba anajua kufunga kiyoyozi.

Anayefanya kazi za ukandarasi Tanzania Bara anatakiwa kusajiliwa na Bodi ya Usajili wa Makandarasi (CRB), iliyoundwa kwa Sheria namba 17 ya mwaka 1997. Bodi hiyo husajili kwa fani, zikiwamo majengo, umeme, mitambo na kazi maalumu, na kwa madaraja yanayoweka ukomo wa thamani ya kazi. Daraja la kwanza pekee ndilo lisilo na ukomo.

Kwa hiyo swali la kwanza ni kama amesajiliwa, la pili ni kwa fani gani, na la tatu ni daraja lipi. Mkandarasi wa majengo hawi wa mitambo kwa sababu tu ana cheti cha bodi.

Upande wa umeme, Sheria ya Umeme ya mwaka 2008 imeipa Mamlaka ya Udhibiti wa Huduma za Nishati na Maji (EWURA) jukumu la kutoa leseni kwa wafungaji wa mifumo ya umeme. Atakayevuta laini mpya ya kiyoyozi kutoka kwenye ubao wa umeme anapaswa kuwa nayo. Ndivyo ilivyo pia kwa hita ya maji ya kuoga.

Kwa kazi ndogo ya nyumbani, mara nyingi anayekuja ni fundi mmoja na si kampuni. Huyo aulizwe cheti cha ufundi wa majokofu na viyoyozi, kama kile kinachotolewa chini ya Mamlaka ya Elimu na Mafunzo ya Ufundi Stadi (VETA).

Jinsi ya kuhakiki

Nakala ya cheti si uthibitisho. Chukua jina kamili la kampuni na namba ya usajili, kisha litafute katika orodha ya makandarasi kwenye tovuti ya bodi, au uulize ofisi zake. Usajili huendana na ada ya kila mwaka. Hivyo cheti halisi cha miaka iliyopita kinaweza kuwa cha kampuni iliyokwisha kufutwa.

Linganisha jina la kwenye cheti na lile la kwenye mkataba, kwenye risiti ya mashine ya EFD na kwenye akaunti ya benki. Yakitofautiana, huenda cheti kimeazimwa.

Kwa wakazi wa Nairobi na Mombasa, daftari la kutazama ni la Mamlaka ya Kitaifa ya Ujenzi (NCA), iliyoundwa kwa sheria ya mwaka 2011. Madaraja yake ni 8, la juu likiwa NCA 1.

Maswali yanayomfichua fundi

Karatasi zikishakuwa sawa, kazi yenyewe husema zaidi. Fundi makini hupima chumba, hutazama madirisha na upande wa jua, na kuuliza idadi ya watu, kabla ya kutaja kama inafaa mashine ya BTU 9,000, 12,000 au 18,000.

Gesi ya kiyoyozi huzunguka ndani ya mfumo uliofungwa na haitumiki ikaisha kama mafuta ya gari. Ikipungua, pana tundu. Anayeongeza gesi kila mwaka bila kutafuta linapovuja anauza gesi tu, na usipoziba ufa utajenga ukuta.

Aulizwe pia aina ya gesi. Mashine ya R-22 haijazwi R-410A, ambayo hufanya kazi kwa mgandamizo mkubwa zaidi. R-32 huweza kushika moto, na R-290, ambayo ni propani, huwaka kwa urahisi. Aina sahihi huandikwa kwenye kibao cha mashine.

Aidha, kabla ya kufungulia gesi katika mashine mpya, hewa na unyevu hutolewa kwenye mabomba kwa pampu maalumu. Asiye na pampu hiyo hajakamilika.

Wala gesi ya zamani haiachiwi hewani. Tanzania ilijiunga na Mkataba wa Montreal wa kulinda tabaka la ozoni mwaka 1993, na R-22 ni miongoni mwa gesi zinazoondolewa sokoni hatua kwa hatua, mwaka 2030 ukiwa ukomo mkuu kwa nchi zinazoendelea. Anayenunua mashine ya aina hiyo leo ananunua tatizo la vipuri na gesi.

Kabla ya kulipa

Makubaliano yaandikwe: aina na ukubwa wa mashine, urefu wa bomba la shaba, unene wa waya, swichi yake ya kujitegemea, muda wa dhamana na kiasi cha malipo. Sehemu ya fedha ibaki hadi mashine iwashwe na kuonekana inapoza, maji yanatoka nje na hakuna panapovuja.

Mkandarasi halali hachukizwi na maswali hayo. Anayekasirika anapoombwa namba ya usajili amekwisha kulijibu.